Je, Yafaa Kueneza Ajabu ya Uongo kwa Kuwa Yaongeza Imani?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Tumeletewa swali na baadhi ya ndugu zetu wa Voi, nasi tumeona tulijibu humu badala ya kuwajibu kwa barua, kwani jambo waliloliuliza si lao peke yao. Wasema ya kuwa simu zao haziishi kuingia maajabu, usiku na mchana: mara mifupa ya mtu mrefu kama mnazi iliyofukuliwa jangwani, ikasemwa ni ya kaumu ya Adi, mara khabari ya Mmarekani aliyekwenda mwezini akasikia adhana, mara wasia wa Sheikh Ahmad wa Madina, ambao mwenye kuusambaza ameahidiwa kheri na mwenye kuupuuza ameahidiwa msiba. Usiku mmoja, baada ya darasa, aliinuka mmoja wao akasema kuwa mambo haya hayana ushahidi na hayafai kuenezwa. Akainuka mwenziwe akamjibu: "Hata kama si kweli, yana dhara gani? Nyanya yangu aliiona ile mifupa akalia, na tangu siku hiyo hajaikosa sala ya Alfajiri. Wewe wataka kumtoa nyanya yangu msalani?" Watu wakacheka, na mjadala ukaishia hapo. Lakini ndugu zetu hawakutosheka, wakataka kujua katika wawili hao ni yupi mwenye haki.

Jawabu letu kwa ufupi ni kuwa haki iko kwa yule wa kwanza. Walakini maneno ya huyu wa pili hayafai kuchekwa. Ameyasema kwa mapenzi ya dini yake na kwa mapenzi ya nyanya yake, nayo ni hoja ya zamani sana, imetangulia simu kwa zaidi ya miaka elfu. Basi na tumjibu kama inavyompasa mtu mwenye hoja.

Kila mwenye kusoma darasa anaijua aya ya sita ya Suratul Hujurat, ambamo Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwa tukijiwa na fasiki na khabari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na anaijua Hadithi aliyoitaja Imam Muslim katika utangulizi wa Sahihi yake, ya kuwa yamtosha mtu uongo kwa kusimulia kila alisikialo. Hatutakaa sana hapo, kwa sababu yule ndugu wa pili naye anazijua, na atasema: "Aya yakataza khabari yenye kudhuru watu, hii yanufaisha." Hapo ndipo penye shida yenyewe, nasi twataka kuikabili.

Mwaka wa kumi wa Hijra Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, aliyemzaa na Bi Mariya. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka miwili. Siku hiyo jua likapatwa. Wanafalaki wa zama hizi wameirudia hisabu, wakaona kuwa palikuwa na kupatwa kwa jua kulikoonekana Bara Arabu tarehe 27 Januari mwaka 632. Watu wa Madina wakasema: jua limepatwa kwa kufa Ibrahim.

Tafadhali, ndugu msomaji, usiipite khabari hii kwa haraka. Waliosema maneno hayo hawakukusudia kudanganya. Walikuwa na huzuni, wakatazama juu wakaona mbingu nazo zina huzuni. Na lau Mtume angenyamaza tu, asiseme ndiyo wala la, khabari ile ingalipaa Bara Arabu yote kabla ya mwezi kuandama: ya kuwa jua limemlilia mwana wa Muhammad. Makabila yaliyokuwa yakisitasita yangaliingia katika dini kwa makundi. Wanafiki wangalizibwa vinywa. Ni ajabu gani yenye kuongeza imani kuliko hiyo? Wala hakuhitaji kutamka uongo. Alihitaji kunyamaza tu, tena katika siku ambayo hakuna ambaye angemlaumu baba mfiwa kwa kunyamaza.

Hakunyamaza. Alitoka akawasalisha watu sala ya kupatwa kwa jua, sala ndefu, kisha akawakhutubia, akawaeleza ya kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu yeyote wala kwa uhai wake. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Hakungoja hata machozi yakauke.

Na tazama jambo la pili, ambalo wengi hawaliangalii. Alipoiondoa ile khabari ya uongo hakuiondoa ajabu. Hakuwaambia: rudini majumbani, hakuna kitu. Aliwaambia kuwa jua ni ishara ya Mungu, akawasimamisha wasali. Ajabu ilibaki, tena ilibaki kubwa zaidi, kwani sasa ilikuwa ya Mwenyezi Mungu peke yake, haikuchanganyika na utukufu wa mwanadamu. Basi yule aonaye kuwa imani ya watu itapungua tukiwaondolea uongo, na aitazame Madina siku ile, ambapo uongo uliondolewa na watu wakasali.

Baada ya Mtume walitokea watu waliosema kama alivyosema ndugu yetu wa Voi, nao hawakuwa wajinga. Katika karne ya pili alikuwako Nuh bin Abi Maryam, kadhi wa Marw, aliyekusanya elimu nyingi hata akaitwa Al-Jamii. Alisimulia Hadithi za fadhila za sura za Qur'ani moja baada ya moja. Alipoulizwa amezitoa wapi, akakiri kuwa aliwaona watu wameipa mgongo Qur'ani wakashughulika na fiqhi na khabari za vita, ndipo akazibuni ili kuwarudisha, akitaraji thawabu. Wako na wengine walioambiwa kuwa kumzulia Mtume ni kujiandalia makao ya Motoni, wakajibu kwamba wao hawamwongopei kwa kumpinga, bali wamwongopea kwa kumtetea! Wanavyuoni wa Hadithi hawakuwaachia njia. Walisema kuwa mzushi mwenye sura ya mcha Mungu ana dhara kubwa kuliko mzushi mlevi, kwa sababu mlevi hakuna amwaminiye. Na juu ya Nuh walisema kuwa amekusanya kila kitu isipokuwa ukweli. Hukumu hiyo ingali juu ya jina lake mpaka leo.

Sasa turudi kwenye hizo ajabu za simuni, tuzitazame zenyewe.

Ile picha ya mifupa ilitengenezwa mwaka 2002 na fundi mmoja wa picha wa Canada, kwa ajili ya mashindano ya kuchezea picha katika mtandao. Alitwaa picha halisi ya mahali katika jimbo la New York, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell walikuwa wakifukua mifupa ya mnyama wa kale wa jamaa ya tembo, akaibandika mifupa ya mtu humo. Hakukusudia kumdanganya mtu. Ulikuwa mchezo, na kila aliyekuwa katika mashindano alijua kuwa ni mchezo. Baada ya miaka michache picha ikatoka mchezoni ikaingia dinini. Waislamu wakasema ni kaumu ya Adi, imefukuliwa Saudia na watafutao mafuta. Wahindu wakasema ni jitu la visa vyao vya kale, limepatikana India. Na baadhi ya Wakristo wakasema ni wale majitu waliotajwa katika Biblia. Mwaka 2007 jarida la National Geographic likaeleza asili yake, na bado yaenda. Mfupa mmoja usiokuwako, na dini tatu zaugombania! Mwenye akili na aseme: ikiwa picha hii ni ushahidi wa ukweli wa Qur'ani, je, siku ile ilipotumwa India ilikuwa ushahidi wa nini?

Ama khabari ya Neil Armstrong, ya kuwa alisikia adhana mwezini akasilimu alipoisikia tena Misri, mwenyewe aliikana mara nyingi katika uhai wake, na mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliwapelekea mabalozi wake waraka wa kueleza kwamba hakusilimu. Alikufa mwaka 2012. Kadhalika Jacques Cousteau, mpiga mbizi wa Kifaransa, ambaye mihadhara yetu mingi imemsilimisha kwa sababu ya bahari mbili zisizochanganyika. Alikufa mwaka 1997, akasomewa ibada ya maziko katika kanisa la Notre-Dame mjini Paris. Twaona haya kusema kuwa Waislamu wametangaza kusilimu kwa watu wasiosilimu, kana kwamba dini yetu yahitaji kuazima mashahidi.

Na dhara liko wapi? Dhara liko kwa mjukuu wa yule nyanya. Kijana huyu anasoma sekondari, na simu iliyomletea mifupa ndiyo itakayomletea asili ya mifupa. Hapana umbali baina ya mawili hayo ila kugusa kwa kidole. Siku atakapojua kuwa mifupa ni uongo, atauliza: Na adhana ya mwezini? Atakuta ni uongo. Na Cousteau? Ni uongo. Kisha atauliza swali la nne, nalo halitakuwa juu ya picha wala juu ya Mzungu. Litakuwa juu ya jambo la kweli lililopokewa kwa isnadi madhubuti, na yeye atalitia katika kapu moja na yale matatu, kwa sababu aliyemletea yote ni mtu mmoja, kwa sauti moja, na "Subhanallah" moja. Nani atabeba dhambi ya kijana huyu? Hatusemi kuwa Alfajiri ya nyanya haikubaliwi. Mwenyezi Mungu humpokea mja wake kwa mlango ataokao. Twasema kuwa aliyemletea picha alikuwa na mchana kutwa wa kumwonyesha jua lenyewe.

Ule wasia wa Sheikh Ahmad hauna hata udhuru huo, kwani huo hauwavuti watu kwa ajabu tu bali wawatisha kwa misiba. Ni mzee kuliko simu, kuliko redio, na kuliko reli ya Kenya. Rashid Ridha aliukadhibisha katika Al-Manar, jarida lililosomwa sana na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetutolea Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932. Sheikh Ibn Baz wa Saudia naye aliuandikia risala kuwaonya watu. Na pwani yetu ina khabari yake na barua za namna hii. Mwaka 1908 ilienea barua kama hiyo upande wa Lindi, ikawaogofya watu kwa kukaribia Kiyama. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika juzi tu, na Wajerumani wakaiona barua kuwa ni mwito wa vita vipya, wakaanza kusaka na kukamata. Barua iliyodai kuwatia watu katika taa ya Mungu ikawatia mikononi mwa askari. Nasi leo twaipeleka kwa watu ishirini ili tusipatwe na msiba!

Tumefika mahali ambapo ndipo hasa tulipotaka kufika. Katika picha walizotuletea ndugu zetu, moja haikuwa ya jangwani wala ya mwezini. Ilikuwa ya kwao. Yaonyesha pango katika milima ya Taita, na ndani yake mafuvu ya watu yamepangwa safu. Chini yake pameandikwa kuwa hapo ni pahali ambapo watu wa kundi la kishetani huchinja watoto, na kwamba Muislamu asipeleke mwanawe kusoma upande huo. Wametuambia kuwa picha imetumwa na Waislamu kwa Waislamu, toka Mombasa na Malindi, na kila mmoja ameongeza chumvi yake.

Ukweli wajulikana na kila mzee wa Taita. Wadawida, kabla ya dini kuenea milimani kwao, walikuwa wakimzika maiti wao, na baada ya muda, wengine husema mwaka au zaidi, hulifukua fuvu lake wakaliweka katika pango la ukoo pamoja na mafuvu ya babu zake. Palikuwa pahali pa heshima kwao na pa kuwakumbuka wazee. Ada hiyo ilikoma ulipoingia Ukristo na Uislamu, na mafuvu yamebaki pale pale. Hakuna aliyechinjwa. Ni makaburi.

Sisi Waislamu hatuikubali ada hiyo. Maiti kwetu huzikwa akaachwa, na Hadithi imefananisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja angali hai. Lakini kuikataa ada ya mtu ni jambo moja, na kumzulia kuwa achinja watoto ni jambo jingine. La kwanza ni dini, la pili ni buhtani. Katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu amewalaumu wale walioupokea uzushi juu ya Bi Aisha kwa ndimi zao, wakasema kwa vinywa wasiyoyajua, wakadhani ni jambo jepesi nalo mbele ya Mungu ni kubwa. Tumeisoma aya hiyo mara nyingi tukidhani yawahusu watu wa Madina. Na ajuaye Voi anajua kuwa katika safu za msikiti wake wako Wadawida wengi, wana wa ukoo mmoja na walio kanisani. Mafuvu yale ni ya babu wa babu zao. Ndugu yako asimama bega kwa bega nawe katika sala, nawe mfukoni mwako una picha ya babu yake umemwandika kuwa mwuaji.

Asidhani mtu kuwa twakuza jambo. Mwaka 1995 Pemba, kisha Unguja, walishikwa na khofu ya Popobawa, na watu wakalala nje mbele ya nyumba zao wakiota moto usiku kucha. Wakati huo hapakuwa na simu za picha. Khabari ilitembea kwa miguu. Na khofu ile haikuisha kwa kukesha tu: mjini Unguja mtu mgeni, mgonjwa wa akili, alidhaniwa ndiye Popobawa mwenyewe, akapigwa na umati mpaka akafa. Katika hao waliompiga hapana hata mmoja aliyekuwa ameona kitu. Walikuwa wamesikia.

Hata hivyo twaogopa kuwa baadhi ya wasomaji wataifahamu vibaya nasaha yetu, wajione wana akili kwa kukadhibisha kila kigeni. Hiyo nayo ni maradhi, na dawa yake pia imo Taita. Watu wa mbali wakionyeshwa picha ya tembo wekundu wa Tsavo husema imepakwa rangi. Haikupakwa. Tembo wale hujirushia vumbi na kujigaagaza katika udongo mwekundu wa nchi ile mpaka wakawa rangi yake. Apandaye gari la moshi kwenda Nairobi na atazame dirishani. Na mwaka 1848 mmisionari Rebmann alitoka pwani akapitia Taita, akauona mlima wa Kilimanjaro una theluji. Alipoandika, wakubwa wa jiografia wa London, na mbele yao bwana Cooley, walimkadhibisha kwa miaka, wakasema haiwezekani theluji chini ya jua la ikweta. Hawakuwa wamefika, walikuwa na vitabu na kiburi. Leo mtoto wa Taveta auona mlima huo akienda kuteka maji.

Katika safari ile alikuwako mtu wetu, naye twapenda akumbukwe. Kiongozi wa msafara wa Rebmann alikuwa Mswahili Muislamu, Bwana Kheri. Rebmann ameandika kuwa alipoona weupe ule kileleni, kiongozi wake aliuita kwa neno moja tu: baridi. Msifikiri hapakuwa na visa vya mlima ule. Vilikuwako vya majini na vya fedha, na msimulizi hodari angempa yule Mzungu usiku mzima wa maajabu. Bwana Kheri alisema analolijua, na alilolijua lilikuwa kweli.

Na iko njia ya kuchunguza, nayo si ngeni kwa umma uliotoa elimu ya wapokezi. Chukueni simba wa Tsavo. Mwaka 1898, daraja la reli lilipokuwa likijengwa, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingo waliwala wafanyakazi, na wengi wa waliotoka Bara Hindi walikuwa Waislamu. Kazi ilisimama karibu wiki tatu. Patterson, aliyewaua simba hao mwezi wa Desemba, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1907 kuwa Wahindi walioliwa ni 28, bali Waafrika hawakuhesabiwa, na hilo nalo ni neno la kutafakari. Baadaye akasema jumla ni 135. Hesabu hiyo ndiyo ipendwayo simuni, kwa kuwa ni kubwa. Lakini ngozi na mafuvu ya simba hao aliviuza mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, na mwaka 2009 wataalamu wakapima mifupa na manyoya yao kujua walikula nini, wakakisia watu kama 35. Mwaka 2024 wengine wakatoa nywele zilizokwama katika meno yao, wakakuta za binadamu, za twiga, za punda milia na wanyama wengineo. Je, kisa kimepungua? Thelathini na tano ni misiba thelathini na mitano, na kila mmoja alikuwa na mama. Kilichopungua ni ile mia ambayo haikuwa na mama.

Tumeulizwa pia, kwa pembeni, juu ya kaburi la Seyyid Baghali Shah pale Mackinnon Road, ambapo magari ya Mombasa kwenda Voi husimama watu wakazuru, na yasimuliwa kuwa alipokuwa mjenzi wa reli karai la udongo lilielea juu ya kichwa chake. Sisi hatukanushi karama za mawalii. Hiyo ndiyo itikadi ya Ahlu Sunna. Lakini karama huthubutu kwa mashahidi kama khabari nyingine, na hata ikithubutu haimpi maiti uwezo wa kulinda gari barabarani. Mwenye kupita na amwombee rehema kama amwombeavyo Muislamu yeyote, kisha na aangalie breki zake.

Limebaki neno moja la yule ndugu, nalo ndilo litumiwalo zaidi: "Mimi si mwanachuoni, siwezi kuchunguza. Mimi nimepeleka kama nilivyoletewa." Mtume (s.a.w.) amelaumu mtu kulifanya neno "wamedai" kuwa mnyama wake wa kupanda. Na hili "nimepeleka kama nilivyoletewa" ni mnyama huyo huyo, ila sasa ni mwepesi kuliko ngamia. Asiyeweza kuchunguza hakulazimishwa kuchunguza. Lakini asiyeweza kuchunguza aweza kunyamaza, na kunyamaza hakuna mtihani wala hakuna ada. Akitaka ajabu ya kumletea nyanya, na amfungulie mfereji. Maji ya Mzima ni mvua iliyoanguka juu ya vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, ikatembea gizani chini ya ardhi, ikatokea safi penye viboko na samaki, na tangu miaka ya 1950 yaja kwa bomba mpaka Mombasa. Nyanya huyatilia udhu kila Alfajiri, na yawezekana hapana aliyewahi kumwambia yatokako.

Ama hukumu ya aliyekwisha kueneza, ni hii. Kama ni ajabu isiyomgusa mtu, kama mifupa au mwezi, yamlazimu atubu na awaeleze wale wale aliowapelekea kuwa si kweli. Haitoshi kuifuta simuni mwake, kwani kwao ingaliko. Na kama ni ile picha ya mafuvu, hiyo ina haki ya watu ndani yake, na toba yake haitimii mpaka haki irudi. Na aandike kwa kila kundi alikoipeleka kuwa yale ni makaburi ya wazee wa Kidawida na kwamba yaliyoandikwa chini yake ni uzushi. Kisha, akiwa ana jirani wa Taita ambaye picha imemfikia, na aende kwake kwa miguu amtake radhi uso kwa uso, awe ni Muislamu au si Muislamu.

Wallahu aalam.